Grace Hopper: Mwanahisabati Aliyeifunza Kompyuta Lugha ya Binadamu

Utangulizi

Kusini mwa Nyanza, kandokando ya Ziwa Viktoria, zipo kaunti mbili jirani za Homa Bay na Migori. Hizi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoonja uchungu wa UKIMWI kuliko nyingine nyingi. Kwa miaka mingi, historia ya mgonjwa katika zahanati za huko ilihifadhiwa katika faili za karatasi, na faili ilipopotea, historia ya mgonjwa nayo ilipotea. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Kenya na washirika wake walianza kueneza KenyaEMR, mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, na vituo vya afya vya sehemu hizo vikawa miongoni mwa vilivyoupokea. Mfumo huo ulijengwa juu ya msingi wa OpenMRS, programu iliyoanza kuundwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mfumo wa aina hii haufumwi kama mkeka mmoja. Huundwa kwa vipande viitwavyo moduli: moduli ya kusajili wagonjwa, moduli ya maabara, moduli ya dawa, na kadhalika. Kila moduli huandikwa na kupimwa peke yake, kisha huunganishwa na nyinginezo na kupimwa upya. Upimaji huo si anasa. Moduli ya dawa ikikosea nukta moja katika kipimo, anayeumia si kompyuta bali ni mgonjwa aliyesafiri tangu alfajiri kuja kutafuta matibabu.

Fikra ya kuunda programu kwa vipande vilivyokwisha kupimwa, vinavyoweza kuazimwa na kutumiwa tena, haikushuka kutoka mbinguni. Ilizaliwa katika vichwa vya watu, na miongoni mwao hakuna aliyeipigania kwa bidii zaidi ya Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyefariki mwaka 1992. Hopper hakuwa mwenyeji wa pwani ya Ziwa Viktoria, lakini kazi yake imefika huko. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, maisha yake yana funzo la ziada, kwa kuwa swali lililomshughulisha zaidi lilikuwa, katika kiini chake, swali la lugha.

Malezi na Elimu

Grace Brewster Murray alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu. Baba yake, Walter Murray, alifanya kazi ya bima, na mama yake, Mary, alipenda hisabati ingawa mila za wakati wake hazikumruhusu mwanamke kuisoma kwa kina. Akiwa na umri wa miaka saba, Grace alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Aliifungua moja, akashindwa kuirudisha kama ilivyokuwa. Akafungua ya pili ili aitazame ya kwanza, na hatimaye saa zote saba za nyumbani zikawa vipande vipande sakafuni. Mama yake hakumchapa. Alimruhusu aendelee na udadisi wake, kwa sharti kwamba achezee saa moja tu.

Baba yao alipougua na kukatwa miguu, alishikilia kwamba mabinti zake wasome kama mwanawe wa kiume, ili waweze kujitegemea. Hata hivyo, njia ya Grace haikuwa tambarare. Alipoomba nafasi katika Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa duni. Ni kinaya kwamba mtu ambaye baadaye angebadilisha uhusiano wa binadamu na lugha za mashine alizuiwa mlangoni na mtihani wa lugha. Alirudia masomo, akakubaliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930 na ya uzamifu katika hisabati mwaka 1934. Mwaka huo wa 1930 ndipo alipoolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa fasihi. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper lilibaki naye hadi kaburini.

Alianza kufundisha Vassar mwaka 1931. Darasani alikuwa na desturi iliyowashangaza wanafunzi: aliwataka waandike insha kuhusu mada za hisabati, kisha akazisahihisha kwa upande wa hoja na kwa upande wa lugha pia. Walipolalamika kwamba wamekuja kusoma hisabati wala si Kiingereza, aliwaeleza kuwa hisabati haina faida kwa mtu asiyeweza kuifafanua kwa wengine. Msimamo huo ndio ufunguo wa maisha yake yote yaliyofuata.

Vita na Mashine ya Harvard

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Hopper alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alionekana kuwa na umri mkubwa na uzani mdogo kuliko uliotakiwa, na kazi yake ya ualimu wa hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa. Hakukata tamaa. Mwishoni mwa 1943 alipata ruhusa maalumu, na baada ya mafunzo, mwaka 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na cheo cha luteni mdogo.

Huko alikutana na Howard Aiken, kamanda mkali, na mashine iliyoitwa Mark I. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzani wa takriban tani tano. Ilipokea maagizo kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kila tundu lilikuwa na maana yake. Hopper alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuiandikia maagizo. Aiken alimwamuru aandike kitabu cha kueleza mashine hiyo inavyotumika. Hopper alikiandika, na kilipotoka mwaka 1946 kilikuwa na kurasa zaidi ya 500.

Katika chumba hicho cha Harvard ndimo lilimochipuka wazo la moduli. Hopper na wenzake, akiwemo Richard Bloch, waligundua kwamba hesabu zilezile zilihitajika tena na tena. Badala ya kuanza upya kila mara, kila mmoja aliweka daftari lenye vijiprogramu vilivyokwisha kupimwa na kuthibitishwa. Mmoja alipohitaji, kwa mfano, njia ya kukokotoa saini ya pembe, alimwendea mwenzake, akaazima daftari na kunakili. Hiyo ilikuwa maktaba ya kwanza ya Hopper: madaftari ya watu walioaminiana.

Ni katika maabara hiyo pia, tarehe 9 Septemba 1947, ambapo nondo alikutwa amenaswa ndani ya mashine iliyofuata, Mark II, na kuisimamisha. Nondo huyo alibandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, ambacho kimehifadhiwa hadi leo. Wengi husimulia kwamba Hopper ndiye aliyebuni desturi ya kuita hitilafu ya programu mdudu. Hilo si kweli. Mafundi walilitumia neno hilo kwa maana ya hitilafu tangu karne ya 19. Alichofanya Hopper ni kuisimulia hadithi hiyo vizuri mno kiasi cha kuifanya ikumbukwe.

Kutoka Daftarini hadi Kwenye Mashine

Mwaka 1949 Hopper aliondoka Harvard, ambako hapakuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke kama yeye, akaenda Philadelphia katika kampuni ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakiunda kompyuta ya UNIVAC. Miaka hiyo haikuwa ya furaha tupu. Ndoa ilikuwa imevunjika, uchovu wa vita ulikuwa haujamtoka, na pombe ilikuwa imeanza kumtawala. Rafiki zake walihofia maisha yake. Kumtaja Hopper bila kutaja mapambano hayo ni kumfanya sanamu, ilhali alikuwa binadamu aliyeanguka na kunyanyuka.

Katika kampuni hiyo aliliona tatizo la madaftari kwa uwazi zaidi. Kijiprogramu kilichopimwa na kuthibitishwa kilikuwa sahihi mle daftarini. Kosa liliingia wakati wa kukihamisha. Kwanza, kila kijiprogramu kilikuwa na nambari zake za mahali, na kilipohamishiwa katika programu nyingine, nambari hizo zilihitaji kujumlishwa upya moja baada ya nyingine. Pili, mwenye kunakili aliweza kuidhania herufi kuwa tarakimu. Hopper alihitimisha kwamba waandishi wa programu ni wajumlishaji wabaya na wanakili wabaya. Papo hapo akatambua kwamba mbele yao ilikuwapo mashine isiyochoka kujumlisha wala kunakili. Kwa nini, basi, kazi hiyo isifanywe na mashine yenyewe?

Kuanzia mwishoni mwa 1951 hadi Mei 1952 aliunda programu aliyoiita A-0. Vijiprogramu vilivyopimwa viliwekwa katika utepe wa sumaku, kila kimoja kikiwa na nambari yake ya kuitia. Mwandishi aliorodhesha nambari za vile alivyovihitaji, na kompyuta ikavitafuta, ikavinakili, ikarekebisha nambari za mahali na kuviunganisha kuwa programu moja kamili. Programu ya namna hiyo aliiita kompaila, yaani mkusanyaji, na jina hilo limebaki hata baada ya kazi yenyewe kupanuka.

Hopper aliwasilisha makala kuhusu uvumbuzi huo mwaka 1952, lakini mapokezi yalikuwa baridi. Aliambiwa kwamba kompyuta hufanya hesabu tu. Haiwezi kuandika programu. Ilimchukua muda mrefu kuwashawishi waliokuwa wakitazama kitu kinachofanya kazi mbele ya macho yao. Mwaka 1953 toleo lililoboreshwa, A-2, lilipelekwa kwa wateja pamoja na maandishi yake ya ndani, na wateja wakaombwa warudishe marekebisho yao. Miongo kadhaa baadaye, OpenMRS nayo ingejengwa kwa mtindo wa namna hiyo, wa watu wengi kurekebisha na kurudisha.

Swali la Lugha

Hatua iliyofuata ndiyo inayowahusu zaidi wanaisimu. Hopper aliona kuwa wafanyabiashara na makarani hawapendi alama za hisabati. Wao hueleza kazi zao kwa maneno. Akapendekeza kwamba maagizo ya kompyuta yaandikwe kwa maneno ya kawaida: linganisha, hamisha, andika, simama. Akajibiwa kwamba kompyuta haielewi Kiingereza.

Mwanzoni mwa 1955 aliandaa jaribio la kuwaonyesha wakubwa wa kampuni. Programu yake ndogo ya mfano ilipokea maagizo kwa Kiingereza, ikayafanya. Ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na uchawi wowote, yeye na wenzake wakabadilisha maneno, na programu ileile ikapokea maagizo kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa Hopper jambo hilo lilikuwa jepesi. Mbele ya mashine neno ni mfuatano wa alama tu, na mfuatano mmoja ukibadilishwa na mwingine katika jedwali, kazi haibadiliki. Lakini wakubwa walishtuka. Walidhani mradi umekwenda kombo, kwa kuwa haikuwaingia akilini kwamba kompyuta iliyoundwa Marekani ingeweza kufahamu Kifaransa au Kijerumani. Hopper alilazimika kutumia miezi kadhaa kuwatuliza, na akaahidi kwamba programu yake ingetumia Kiingereza pekee.

Tukio hilo dogo lina uzito mkubwa. Lilidhihirisha mapema kabisa kwamba kompyuta haina lugha ya mama. Kiingereza hakikuingia katika programu kwa sababu mashine inakipendelea, bali kwa sababu wenye fedha na madaraka hawakuweza kuwazia lugha nyingine. Yeye mwenyewe, ili kuuokoa mradi wake, aliufunga mlango aliokuwa ameufungua. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo, lakini mwenye kulaumu akumbuke kwamba mradi mzima ungeweza kufutwa.

Mradi huo ulizaa lugha ya FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali na makampuni walikutana kwenye makao makuu ya jeshi la Marekani, Pentagon, ili kubuni lugha moja ya kompyuta kwa shughuli za biashara. Hopper hakukaa katika kamati iliyoiandika lugha hiyo, alikuwa mshauri. Hata hivyo, COBOL iliyotokana na mkutano huo ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC. Mnamo Desemba 1960, programu ileile ya COBOL ilitekelezwa katika kompyuta za makampuni mawili tofauti, na kuonyesha kwamba maandishi yanaweza kuhama kutoka mashine hadi mashine.

Mpimaji

Baada ya lugha kupatikana, lilizuka tatizo ambalo wasomi wa Kiswahili walikwisha kulikabili kwa namna yao tangu kamati ya usanifishaji ilipoundwa mwaka 1930: tatizo la lahaja. Kila kampuni ilikuwa na kompaila yake ya COBOL, na kila kompaila ilikuwa na vijitabia vyake. Programu iliyofanya kazi hapa iligoma kule.

Hopper alikuwa amestaafu jeshini mwishoni mwa 1966, kwa huzuni kubwa. Agosti 1967 aliitwa arudi kwa miezi sita ili asaidie kusanifisha lugha za kompyuta za jeshi la wanamaji. Miezi hiyo sita iligeuka kuwa miaka 19. Yeye na kikosi chake waliandika mkusanyiko wa programu za majaribio. Kila moja iliipa kompaila kazi ambayo jibu lake sahihi lilikuwa linajulikana tayari, na jibu lililotolewa likalinganishwa na lile lililotarajiwa. Kompaila iliyoshindwa ilijulikana imeshindwa wapi. Muuzaji hakuweza tena kujitetea kwa maneno matamu. Ama bidhaa yake ilifaulu, ama haikufaulu. Baadaye utaratibu huo ulitumiwa na serikali ya Marekani kwa jumla, na msingi wake ndio huohuo unaofuatwa katika kupima moduli za utafiti, uhandisi na tiba.

Katika miaka hiyo alikuwa pia mhadhiri mashuhuri. Alitembea na vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30, masafa ambayo umeme hauwezi kuyapita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, akiwagawia wasikilizaji ili waone kwa macho kwa nini kompyuta lazima iwe ndogo ndipo iwe na kasi. Ofisini aliweka saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, kuwakumbusha watu kuwa mazoea si sheria. Alistaafu kwa mara ya mwisho tarehe 14 Agosti 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79, kisha akafanya kazi ya ushauri katika kampuni ya kompyuta ya Digital. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Mwaka 2016 alitunukiwa, baada ya kifo chake, Nishani ya Rais ya Uhuru, nishani ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Rais aliyeitoa alikuwa Barack Obama, ambaye asili ya ukoo wake ni Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay.

Hitimisho

Maisha ya Hopper yanarejesha fikra pale makala haya yalipoanzia. Katika zahanati ya Homa Bay mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Dholuo. Katika zile za Migori huenda akaeleza kwa Dholuo, kwa Kikuria au kwa Kiswahili, hasa karibu na mpaka wa Isebania. Mfumo wa KenyaEMR, hata hivyo, uliandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi ndiye daraja: husikia kwa lugha moja, hufasiri kichwani, na huandika kwa nyingine, huku foleni ikimngoja. Moduli yenyewe inaweza kuwa imepimwa ikafaulu kila jaribio, lakini kosa likaingia katika uhamishaji. Ndilo kosa lilelile ambalo Hopper aliliona katika madaftari: kilichothibitishwa kikiharibika mikononi mwa mnakili aliyechoka.

Kwamba Kiswahili kinaweza kuingia katika kompyuta si ndoto. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda programu za kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hizo zilihitaji watu wanaojua ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na uundaji wa istilahi, yaani maarifa yanayofundishwa katika idara za Kiswahili. Aidha, zilihitaji upimaji: je, istilahi hii inaeleweka kwa muuguzi wa Rongo kama inavyoeleweka kwa karani wa Mbita? Swali hilo halijibiwi na mhandisi peke yake.

Mwaka 1955 waliokizuia Kifaransa na Kijerumani wasingeweza kusema mashine imekataa, kwa kuwa mashine ilikuwa imekwisha kukubali. Anayesema leo kwamba Kiswahili hakiwezi kuwa lugha ya moduli za tiba au uhandisi hana hoja mpya; anarudia hofu ya wakubwa wa Philadelphia. Hopper alijibu hofu za namna hiyo kwa kuunda kitu kidogo kinachofanya kazi, kukipima, na kukiweka mezani. Mwana wa Kiswahili naye hana njia iliyo bora kuliko hiyo.